Lori Lilifungua Ukuta, Mimi Nikafungua Hoteli

NYUMBANI KWETU
na Bi. Mwanakhamisi, Mbeya

Barua hii ilinifikia katikati ya Julai mwaka huu wa 1977. Mwenyewe alikuwa na siku chache tu mkononi, kwa hiyo nilimjibu kwa posta bila kusubiri gazeti. Sasa mambo yake yamekwisha, naye ameniruhusu niyachapishe yote pamoja na jina lake.

*

Mpendwa Bi. Mwanakhamisi,

Kamwene. Natumaini wewe ni mzima. Mimi mwili ni mzima ila roho haijatulia, na ninakuomba unijibu upesi, maana Jumamosi ya wiki ijayo mume wangu anakuja kutoka Mbeya na atanikuta na jambo ambalo sijui nitalianzia wapi.

Naitwa Damari, mke wa Bwana Jailos, tunakaa hapa Ipogolo, Iringa, na nyumba yetu inatazamana na barabara kuu ya kwenda Zambia. Mume wangu ni karani wa stoo kwenye reli mpya huko Mbeya, huja nyumbani mwisho wa mwezi akipata nafasi, watoto wetu wawili wameshakuwa wakubwa, wa kiume yuko jeshini na wa kike ameolewa Mafinga, kwa hiyo mimi nimebaki na nyumba na kuku. Jailos ni mtu wa karatasi. Miaka minne iliyopita alipita bwana mmoja akiandikisha watu bima ya nyumba, majirani wote wakacheka, wakasema Jailos analipia moto ambao haujawaka, yeye akaandikisha na kila mwaka amelipa, na risiti zote anazo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati.

Basi Jumapili ya kwanza ya Juni nilikuwa kanisani, nikaitwa nje, naambiwa Mama, lori limeingia kwako. Nilidhani wana maana limeingia uwanjani. Bibi, lori lilikuwa sebuleni! Lilikuwa linatoka Ruaha Mbuyuni na matenga ya nyanya, tairi la mbele likapasuka, likaacha barabara, likavunja ukuta wote wa mbele na dirisha lake, likainua bati tano, likasimama pua yake ikiwa juu ya kochi kama mgeni anayetaka kuketi. Nyanya zilijaa hadi chumbani. Kuku wangu aliyekuwa anaatamia chini ya kochi la pili hakusogea, na mayai yote yalikuwa salama. Dereva, kijana mmoja anaitwa Selemani, alikuwa amekaa chini analia, hajaumia ila mkwaruzo wa paji la uso, nikamkumbatia nami nikalia, halafu nikampa maji anywe.

Jailos alifika kesho yake. Unajua alisema nini? Alitazama lile shimo, akapiga makofi mara moja, akasema, "Sasa waniite mjinga!" Akalifungua kopo lake. Akawaandikia watu wa bima, wakamjibu kwamba mkaguzi anazungukia mikoa miwili, kwetu atafika katikati ya Julai, na kabla hajafika tusijenge chochote ili aone hasara kwa macho yake. Lori likavutwa, Jailos akafunga turubai pale penye uwazi, akaniambia, "Damari, usiguse hata tofali moja." Akarudi kazini.

Tofali sikuligusa, Bibi. Hilo naapa.

Ila Juni ya Iringa unaijua, baridi ilikuwa inaingia chini ya turubai mpaka mifupani, nikahamishia jiko la mkaa sebuleni nipate joto, na asubuhi moja nimeinjika supu ya mifupa, turubai likafunuliwa, akaingia dereva wa gari la mafuta la Zambia, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, akaketi kwenye kochi, akasema, "Mama, supu ipo?" Ningesema nini? Ipo, anaiona. Nikampa bakuli na chapati yangu ya asubuhi. Akala kimya, akauliza ni kiasi gani, nikamwambia hapa si hoteli, baba, hapa ni kwangu. Akacheka akadhani natania. Aliacha hela chini ya bakuli, na kesho yake alikuja na wenzake wawili.

Wiki ya pili nilikuwa nakanda unga tangu alfajiri. Wiki ya tatu jirani yangu Paskalina aliniletea mabenchi mawili ya kwaya. Turubai nikalifunga juu kama pazia. Sasa kuna siku nina watu wanane kwa pamoja, wengine wanatoka Dar es Salaam, wengine Tunduma, wengine Lusaka, wananiletea habari, mmoja alinionyesha picha ya mapacha wake waliozaliwa Ndola, mwingine ananiita dada, na mimi niliyekuwa naweza kumaliza siku tatu bila kusema na mtu isipokuwa kuku, jioni nafika kitandani sauti imekauka kwa maongezi. Hela pia ipo, sitadanganya, lakini siyo hela inayonifanya niamke nikiimba. Jailos sikumwambia. Mwisho wa Juni hakuja kwa sababu walikuwa wanahesabu mali ya stoo, nami katika barua nilimwandikia kwamba sisi wazima na turubai lipo. Ni kweli lipo.

Sasa shida yenyewe. Alhamisi iliyopita mchana aliingia bwana mmoja wa makamo, amevaa koti na mkoba mkononi, akaagiza supu na chapati mbili, akaongeza moja, akalifuta bakuli kwa kipande cha mwisho, akaniambia, "Mama, una mkono." Nikafurahi. Kisha akafungua mkoba, akauliza, "Nyumba ya Bwana Jailos iliyogongwa na lori ni ipi hapa?"

Nikamwambia, "Ndimo ulimo."

Alikuwa mkaguzi wa bima, Bwana Isakwisa, kutoka Mbeya. Akatazama mabenchi. Akatazama sufuria. Akatazama madereva sita waliokuwa wanakula.

"Na hawa?" akauliza.

"Wageni."

"Wote?"

"Ni ukoo wa mume wangu," nikasema, sijui ulimi ulipatia wapi hayo. Na hapohapo mmoja wao akaita kutoka nyuma, "Mama, chapati mbili, na ya jana uichanganye humo humo nilipe yote!"

Bwana Isakwisa hakusema neno. Alipima ukuta kwa futi kamba, akahesabu bati, akaandika habari ya kabati la vyombo lililovunjika, akalipa chakula chake, akaniachia fomu. Atarudi Alhamisi ya tarehe ishirini na nane aichukue. Katika ile fomu kuna mstari unaosema kwamba nyumba hii ni ya kuishi tu na haifanyiwi biashara yoyote, na chini yake tutie sahihi mimi na mume wangu.

Paskalina anasema tia sahihi, fomu haina macho. Anasema Ijumaa nifunge kila kitu, mabenchi yarudi kanisani, turubai lishuke, Jailos akija akute nyumba inaomboleza. Lakini nikitia sahihi nimeandika uongo, na nikisema kweli naogopa tutanyimwa fidia, na Jailos aliyelipa miaka minne huku anachekwa ataambiwa mkeo ndiye aliyeharibu. Na liko jambo jingine ambalo hata Paskalina sikumwambia. Wakitulipa, ukuta utajengwa. Bibi, mimi siutaki ule ukuta. Naona aibu kuyaandika haya. Nyumba ya mume wangu imebomolewa, na mimi tangu ibomolewe ndiyo nina furaha. Nifanyeje?

Ni mimi,
Damari, Ipogolo

*

Damari mwenzangu,

Nimecheka mpaka mume wangu, Mzee Othmani, ametoka dukani kuja kuuliza kuna nini. Sasa nimemaliza kucheka, nisikilize.

Kuuza supu si kosa la kukukosesha usingizi. Mtu ameingia na baridi, umempa chakula, akapenda, akarudi. Kosa lako ni ule ukoo. Mwanamke mzima, mama wa askari, unamtazama mtu aliyetoka kula kwako chapati tatu, unamwambia madereva sita ni mashemeji zako! Unadhani hakuelewa? Mtu ambaye kazi yake ni kuingia nyumba za watu na kutazama kilichopo na kisichokuwepo? Alielewa kabla hujafunga mdomo. Alinyamaza ili akupe nafasi ya kujirekebisha, na nafasi yenyewe ndiyo hiyo fomu.

Nimemuuliza ndugu mmoja hapa mjini anayeyajua mambo haya, sikutaja jina lako. Amenieleza hivi. Lori lilipoingia kwako, nyumba ilikuwa ya kuishi, hukuwa umemuuzia mtu hata kikombe cha chai. Hasara ni ya siku ile, na bima huitazama siku ile. Kwa hiyo supu haijakuharibia madai. Kitakachokuharibia ni sahihi yako chini ya uongo, maana karatasi moja ikiwa ya uongo, hata zile za kweli zilizomo kwenye kopo la mumeo zitaanza kutiliwa shaka. Umeogopa kitu kisichouma, ukakimbilia kinachouma.

Kwa hiyo usiitie sahihi ile fomu jinsi ilivyo. Chukua karatasi safi, andika tarehe ya ajali, andika tarehe uliyouza bakuli la kwanza, andika kwamba mpaka leo unauza. Mpe Bwana Isakwisa mkononi, na umwombe radhi kwa mdomo wako mwenyewe. Huyo jirani yako Paskalina mshukuru kwa mabenchi, lakini ushauri wake umrudishie.

Ila kabla ya Bwana Isakwisa yupo Jailos. Usimfanyie mchezo wa kushusha turubai. Mtu amesafiri kutwa nzima kwenye basi, asije akalala katika nyumba ambayo mkewe ameipanga kama jukwaa. Mwambie siku hiyohiyo, akishanawa, kabla majirani hawajamwahi, na umwambie yote mawili, la hoteli na la furaha. Hili la pili ndilo utakalotaka kulimeza. Usilimeze. Mume hawezi kujua kwamba mkewe alikuwa mpweke kama kila barua inasema sisi wazima.

Sasa tuje kwenye ukuta. Damari, shimo si mlango. Leo ni Julai, unaliona zuri. Desemba mvua ikianza kupiga kutoka upande wa barabara, utakuwa unachota maji sebuleni kwa sufuria hiyohiyo ya supu. Tena nyumba isiyofungika si yako peke yako, ni ya kila apitaye. Ukuta utajengwa, na ujengwe vizuri. Bima inarudisha kilichokuwepo, haikuongezei unachotamani. Ukitaka mlango wa biashara, jenga kwa hela zako za chapati, katika chumba kingine kinachotazama barabara, na umwambie mkaguzi kabla fundi hajaanza. Muulize pia mkataba wenu ubadilishwe vipi, maana nyumba yenye jiko la biashara si sawa na nyumba ya kulala tu.

Na leseni je? Bwana afya ameshaona hicho choo wanachotumia wageni wako wanane? Nenda kwake kabla hajakujia. Mabenchi ya kwaya yarudi kanisani mumeo akishayaona, watu wasiimbe wima kwa sababu ya supu yako.

Furaha yako usiionee aibu. Haikutoka kwenye kubomoka kwa nyumba. Ilitoka kwa watu walioingia. Basi wafungulie mlango ulio halali.

Usipofanya hivi usiniandikie tena. Ukifanya, niandikie upesi, maana Mzee Othmani ananiuliza kila siku.

Bi. Mwanakhamisi

*

Nayo hii niliipata juma lililopita, Septemba.

Mpendwa Bi. Mwanakhamisi,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu ya mafundi. Salamu kwa Mzee Othmani, mwambie akae chini nimweleze.

Jailos alishuka basi saa kumi. Siku hiyo sikupika biashara, lakini mabenchi niliyaacha palepale na turubai nililiacha juu, kama ulivyosema. Alisimama mlangoni akatazama. Nikamletea maji ya kunawa, nikamwambia, "Baba, nina neno." Uso wake ukabadilika, akauliza nani amekufa. Nikasema hakuna aliyekufa, nimefungua hoteli. Nikamweleza yote, dereva wa kwanza, wale wanane, mkaguzi, ukoo, fomu. Halafu nikamwambia na lile la pili, kwamba nilikuwa nasema na kuku. Hilo nililisema nikitazama beseni.

Aliikausha mikono yake kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Ngoja kwanza. Wewe ndiye Mama Ukuta?"

Nikamwambia sijui, mimi ni Damari.

"Madereva wanaoleta mizigo stoo," akasema, "mwezi mzima wanatuimbia habari za Mama Ukuta wa Ipogolo. Supu ya Mama Ukuta, chapati za Mama Ukuta. Mimi nilikuwa nimepanga kesho nikupeleke huko ukaone wanavyopika wenzako."

Bibi, nilicheka mpaka nikaketi chini. Yeye hakucheka. Nikamuuliza, "Chapati hizohizo umekula miaka ishirini na mbili, hata siku moja hukuzisifu." Akajibu polepole, "Nyumbani mtu anakula tu." Baadaye aliona jinsi lilivyosikika. Akachukua mabaki ya asubuhi, akala, akasema, "Nzuri." Alilisema kwa shida kama mtu anayejifunza kusoma, lakini alilisema.

Usidhani alinisamehe kirahisi. Hoteli haikumkera. Kilichomkera ni fomu. "Karatasi ya kutia sahihi unaifanyia mzaha!" Jioni yote hakusema nami, akakaa na kopo lake la risiti magotini. Kuhusu kuku hakusema kitu, ila Jumatatu alipiga simu kazini kuomba siku nne, na usiku akaniuliza majina ya wale wanaoniletea habari, mmoja mmoja.

Alhamisi Bwana Isakwisa alikuja. Jailos alitaka kusema yeye, nikamwambia hapana, aliyedanganya ni mimi. Nikamwambia mkaguzi, "Baba, wale hawakuwa ukoo." Akasema, "Najua, Mama. Mmoja wa mashemeji zako alikuwa na pasipoti ya Zambia mfuko wa shati." Akaisoma karatasi yangu mara mbili, akaniuliza tarehe tena, akaukata ule mstari wa fomu kwa wino, akaandika pembeni yake mambo yalivyo, tukatia sahihi wote watatu. Alisema siku ile ya kwanza alikuwa ameshaandika kwenye daftari lake kwamba humu kuna sufuria tatu kubwa na mabenchi ya watu kumi. Kama ningesaini jinsi ilivyokuwa, faili letu lingerudishwa na maswali, na mwaka huu tusingeona hata tofali. Kisha akauliza kama supu ipo.

Fidia ilikuja Agosti. Imetosha ukuta, dirisha, bati tano, kabati la vyombo na kochi moja. Fundi Nkuba amejenga kwa matofali ya kuchoma, na Jailos alichukua likizo yake akasimama nyuma yake kila siku anahesabu mistari, mpaka fundi akamwomba akatafute kazi nyingine. Mlango wa hoteli nimeujenga kwa hela zangu kwenye chumba cha mwanetu wa jeshini, unatazama barabara. Mkataba wa bima umebadilishwa, tunalipa zaidi kidogo. Bwana afya alikuja, akanikasirikia kuhusu choo, tumechimba kingine. Mabenchi nimechongewa yangu.

Jailos ameandika barua ya kuomba uhamisho aje stoo ya Iringa mjini. Hawajamjibu. Mwisho wa mwezi akija, asubuhi anakaa kwa wateja anabishana nao habari za reli.

Juzi jioni nilikuwa nimefunga biashara. Nimekaa sebuleni peke yangu, miguu juu ya kochi jipya, dirisha limefungwa, hakuna upepo wowote. Nikasikia mtu nje anatembea huku na huku anapapasa ukuta mpya, anajiuliza kwa sauti, "Mbona ilikuwa hapa?" Mwishowe akafika mlangoni kwangu, akagonga.

"Hodi!"

Nikamjibu bila kuinuka, "Zunguka upande wa pili, baba, uje kesho alfajiri. Hapa ni nyumbani."

Damari